Mkimbizi Asiyekimbizwa

Mwalimu wetu wa Kiswahili hapa Rubondo alitupa kazi ya kuandika juu ya jambo moja ambalo umri umetufundisha. Darasani tuko watu kumi na tisa. Wengi wana umri wa watoto wangu, na mwalimu mwenyewe angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Aliposema neno "umri", vichwa vyote viligeuka kunitazama. Basi nimekubali. Nina miaka 58, na nitaandika juu ya uzee na matapeli, kwa sababu siku hizi wageni hao wawili hunitembelea pamoja.

Kwanza niseme uzee umechukua nini. Umechukua macho. Nikitaka kusoma ujumbe kwenye kitochi changu, nanyoosha mkono mpaka karibu niikabidhi simu kwa jirani, na bado mkono hautoshi. Umechukua goti la kushoto, ambalo sasa kazi yake ni kutabiri mvua. Umechukua majina pia. Nikitaka kumwita mjukuu mmoja, naanza na jina la mama yake, napita kwa wajomba zake wote, nagusa hata jina la mbuzi, ndipo namfikia. Kufika hapo, mtoto mwenyewe ameshaenda kucheza.

Uzee ulipomaliza kuchukua vitu hivyo, uliniachia upole wa mwendo. Sasa kila jambo nalifanya polepole. Nilidhani ni hasara tupu, mpaka nilipoanza kupigiwa simu na watu wanaotaka pesa zangu. Hapo niligundua kwamba tapeli anaweza kumvumilia mjinga, mwerevu, mlokole na hata askari. Asiyeweza kumvumilia ni mtu wa polepole.

Tazama simu hii, iliyoingia jioni moja wakati tunamenya mihogo.

"Babu, habari?"

"Nzuri. Ni nani mwenzangu?"

"Babu jamani, ni mimi mjukuu wako! Umenisahau?"

"Nimekusahau, mtoto wangu. Nina wajukuu kumi na mmoja na ninawasahau wote kwa haki. Taja jina."

Kimya kidogo. Kisha, "Babu, hebu kisia."

"Nikianza kukisia tutalala hapa. Simu yako ina salio la kutosha?"

Akakata. Kijana mwenye kumbukumbu nzuri angesema, "Aa, ni wewe fulani?", na hapo angekuwa amempa mgeni jina la kuvaa. Baada ya jina inafuata ajali ya pikipiki, halafu daktari anayetaka kulipwa kabla ya kushona jeraha. Mimi sikuwa na jina la kumpa. Kusahau kwangu kulifanya kazi ya mbwa wa mlangoni.

Zamani mbwa alitosha. Tulipofika Nakivale mwaka 2008, tukitoka Rutshuru, pesa ilikuwa kitu cha kushika kwa mkono. Kenya ilikuwa imeshaanza M-Pesa mwaka 2007, lakini hapa Uganda MTN ilileta huduma yake ya pesa ya simu mwaka 2009. Kabla ya hapo mwizi alilazimika kuja mwenyewe, kwa miguu yake, na goti lake pia lilikuwa na maoni. Sasa anaweza kuingia mfukoni mwako akiwa amejilaza kitandani, katika mji usioujua.

Hata laini ya simu hatukuipata mara moja. Wengi wetu tulitegemea laini zilizoandikishwa kwa majina ya watu wengine, mpaka mwaka 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliporuhusu mkimbizi aandikishe laini kwa kitambulisho chake cha ukimbizi au kwa ile karatasi yenye majina ya familia. Siku niliyoandikisha laini kwa jina langu nilifurahi kama mtu aliyepewa shamba. Juma lile lile nikapokea ujumbe wangu wa kwanza wa utapeli. Nikamwambia mke wangu, "Sasa tumetambuliwa rasmi."

Ujumbe wenyewe ulisema nimepokea shilingi 180,000. Kabla sijaipata miwani, simu ikalia.

"Muzee wangu, nisaidie, nimekosea namba! Hiyo pesa ni ya mgonjwa. Nirudishie sasa hivi."

"Pole sana. Ngoja nitafute miwani."

"Muzee, mgonjwa anakufa!"

"Miwani ninayo. Sasa nitakwenda kwa wakala anisomee, maana mimi sina haraka ya macho."

"Wakala wa nini? Wewe tuma tu!"

Kutoka kwangu mpaka kibanda cha wakala ni dakika kumi kwa kijana. Kwangu ni ishirini na tano, kwa sababu njiani lazima niwasalimu watu, na salamu ya Kikongo haina mwisho. Nilipofika, yule bwana alikuwa amepiga mara sita, kisha akachoka. Wakala alinionyesha mambo mawili. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, haukutoka kwa kampuni. Na salio langu lilikuwa lile lile la asubuhi, shilingi 4,300. Hakuna kilichoingia, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Ujanja wote ulikuwa kunifanya nitume kabla ya kutazama salio.

Ndugu zetu wa Tanzania wanao ujumbe wao ambao umekuwa utani wa nchi nzima: ile hela itume kwenye namba hii. Hausemi hela gani, wala wa nani. Nilicheka nilipousikia, lakini ukiufikiria, una akili. Unatumwa kwa watu wengi kwa pamoja. Wengi wanaufuta. Lakini katikati yao yupo mmoja ambaye kweli anadaiwa kodi ya nyumba, na kweli alikuwa anasubiri namba. Huyo hatumi kwa sababu ni mjinga. Anatuma kwa sababu ujumbe umemkuta njiani akikimbia.

Utapeli wa miguu nao haujafa. Nilikutana nao Mbarara, nilikokwenda kwa ajili ya macho, maana hospitali ya Ruharo inajulikana eneo lote hili kwa kutibu macho. Karibu na kituo cha mabasi, kijana aliyekuwa mbele yangu aliangusha bahasha nene na kuendelea na safari. Kabla sijafungua kinywa, kijana mwingine akaiokota.

"Agandi, ssebo," alinisalimu, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha sokoni. "Mzee, umeona? Ni pesa. Tusimwambie mtu. Twende pale nyuma tugawane haraka."

"Nyuma wapi?"

"Pale kwenye uchochoro."

"Kuna ngazi?"

Akanitazama. "Ngazi?"

"Goti langu halishuki ngazi. Wewe gawanya hapa hapa, mimi nikae kwenye jiwe hili. Na yule mwenzako aliyeangusha, mwite aje achukue yake."

Nilisema kwa sauti ya kawaida ya mtu wa kijijini, ambayo ni kubwa. Mama mmoja muuza ndizi akaanza kucheka, na yule kijana akatoweka na bahasha yake ya magazeti. Watu wa mji wanaujua mchezo huu. Ukifika uchochoroni, mwenye bahasha anarudi akilia kuwa ameibiwa, na unaambiwa utoe pesa zako zikaguliwe kama si zake. Zikishatoka mfukoni, hazirudi.

Vijana wa darasani wakisikia hadithi hizi hucheka na kusema, "Mzee, huo ni utapeli wa zamani. Siku hizi mambo ni ya mtandaoni." Mmoja wao, kijana mwema ninayekaa naye dawati moja, alinionyesha kwenye simu yake biashara ambayo inaongeza nusu ya pesa yako kila baada ya mwezi na nusu. Alikuwa ameshaweka shilingi 50,000 na alitaka kuongeza ada ya muhula.

Nilimwambia biashara hiyo ina miaka zaidi ya mia moja. Mwaka 1920, huko Boston nchini Marekani, Charles Ponzi, mhamiaji kutoka Italia, aliahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Alisema anapata faida kwa kununua kuponi za posta katika nchi moja na kuzibadilisha katika nchi nyingine. Kweli alikuwa anawalipa watu wa kwanza kwa pesa za watu waliofuata. Mwezi Agosti mwaka ule ule alikamatwa. Na mambo haya hayakubaki Ulaya na Marekani. Tanzania walikuwa na DECI, ambapo watu waliambiwa wapande mbegu ya pesa wavune zaidi, mpaka serikali ikaisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam ikawatia hatiani viongozi wake. Hapa hapa Uganda, kampuni ya Dunamiscoins ilifunga milango mwishoni mwa 2019, na maelfu ya watu wakabaki barabarani na stakabadhi zao.

Kijana alisema hiyo ni historia. Basi tukafanya hesabu, kwa sababu hesabu haina umri. Chukua shilingi 100,000, uiongeze nusu yake kila siku 45, usitoe kitu. Mwaka mmoja una mizunguko minane. Mwisho wa mwaka wa kwanza unazo zaidi ya milioni 2 na laki 5. Mwisho wa mwaka wa pili unazo zaidi ya milioni 65. Mwisho wa mwaka wa tatu una zaidi ya bilioni 1 na milioni 680. Nikamwuliza, "Mtu mwenye siri ya kugeuza laki moja kuwa bilioni kwa miaka mitatu, anatafuta nini kwa watoto wa Rubondo? Si angekopa laki moja kwa mjomba wake, akakaa kimya?"

Hakunijibu. Lakini nilimwomba jambo moja dogo: kabla hujaongeza, jaribu kutoa zile 50,000 ulizoweka. Alijaribu mchana ule. Akaambiwa mfumo unatengenezwa, na kwamba akiongeza shilingi 30,000 utafunguka. Ada ya muhula ilibaki mfukoni mwake. Zile 50,000 hazikurudi mpaka leo. Hakuna aliyecheka darasani siku hiyo, na mimi sikucheka.

Nisije nikaonekana najisifu, niseme wazi kwamba upo mlango mmoja ambao uzee haujaweka kufuli. Ni mlango wa tumaini.

Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958, miaka mingi kabla sijazaliwa. Wapo hapa watu waliozaliwa kambini na wakazaa kambini. Tunashukuru kwa shamba na kwa amani, lakini kila nyumba ina ndoto ya kupelekwa nchi ya tatu, hata kama hawaisemi. Ndoto hiyo haizeeki. Kwa mtu wa umri wangu inazidi kuuma, maana anaona miaka imebaki michache.

Siku moja, saa nane mchana, simu iliita. Sauti ilikuwa ya mtu aliyesoma, yenye heshima. Alilijua jina langu lote. Aliijua idadi ya watu wa nyumba yangu. Alisema anapiga kutoka ofisini, kwamba faili letu limechaguliwa kwenda Canada, na kwamba inatakiwa shilingi 350,000 za vipimo vya hospitali kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi itapewa familia nyingine.

Ndugu msomaji, moyo wangu uliruka kabla ya akili. Kwa sekunde chache nilikuwa Canada. Nilikuwa na koti.

Nikamwambia, "Asante, bwana. Ngoja nizungumze na mama wa nyumba." Nikaweka simu chini bila kuizima. Mke wangu alikuwa amesikia kila kitu. Tayari ameshika kopo ambalo ndani yake mlikuwa na 200,000 tulizokuwa tunaweka kwa ajili ya mabati.

"Zilizobaki tutakopa kwenye kikundi," alisema.

"Kikundi kinafungua sanduku Alhamisi. Leo ni Jumatatu."

Sanduku la kikundi chetu cha kuweka na kukopa lina kufuli tatu, na funguo zake zinashikwa na akina mama watatu wa nyumba tatu. Halifunguki mpaka wote wamekaa pamoja na wanachama wanatazama. Nilikuwa nikilalamikia utaratibu huo. Siku hiyo niliuelewa.

"Muzee," mke wangu alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "na kama ni kweli?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Tapeli hahitaji uamini. Anahitaji useme tu, "na kama ni kweli?" halafu akuharakishe. Nilikaa karibu yake nikamwambia, "Kama ni kweli leo, kesho pia itakuwa kweli. Kesho asubuhi twende Base Camp tuwaulize wenyewe."

Nikamwambia yule bwana kwamba tutakuja ofisini kesho kulipa mkono kwa mkono. Heshima yake iliisha hapo hapo. Alinitukana matusi ambayo sikuwahi kuyasikia tangu nikiwa jeshi la vijana wa mpira kule Rutshuru.

Hata hivyo asubuhi tulikwenda, kwa sababu mke wangu hakuwa amelala. Dawatini tulipokelewa vizuri. Tuliambiwa jambo ambalo limebandikwa hata kwenye kuta: huduma za UNHCR na za Ofisi ya Waziri Mkuu ni bure, kuhamishiwa nchi ya tatu ni bure, na hakuna anayepaswa kuombwa pesa kwa simu. Faili letu halikuwa limechaguliwa.

"Lakini jina letu limo?" mke wangu aliuliza.

"Limo, mama. Mnasubiri kama wengine."

Alishukuru. Tukarudi kwenye pikipiki moja, watatu na dereva, bila maneno. Karibu na nyumbani ndipo aliposema, "Usiku nilikuwa nimeshapanga nani apewe masufuria."

Mabati yetu tuliyaokoa. Lakini kuna kitu alichokipoteza mke wangu ambacho hakimo katika shilingi 350,000, na yule mtu wa simu hatajua kamwe kwamba alikichukua. Utapeli unaposhindwa, bado unaacha alama.

Jioni ile jirani yetu mmoja alikuja. Alikuwa amesikia tulikwenda ofisini. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba miaka miwili iliyopita aliuza mbuzi wanne na mahindi ya msimu mzima, akamlipa mtu mwenye sauti kama hiyo, kwa awamu tatu. Hakumwambia mtu yeyote. "Nilidhani ni mimi peke yangu," alisema. Mke wangu akamwambia kwa upole, "Ungetuambia, jana nisingeshika kopo." Halikuwa lawama. Alimmiminia chai. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, jirani huyo alisimama akasimulia mwenyewe, na kabla hatujatawanyika watu wengine watano walikuwa wamesimulia ya kwao. Siku hizi simu kama hiyo ikiingia kijijini kwetu, habari inafika kisimani kabla yule bwana hajataja kiasi.

Hicho ndicho umri umenifundisha, mwalimu. Tapeli ana chombo cha haraka na chombo cha aibu. Kwa haraka anakuzuia usifikiri, na kwa aibu anakuzuia usiseme. Sisi wazee, Mungu ametupokonya haraka, na aibu nayo imepungua sana. Mtu anayeuliza njia ya choo katika kila nyumba anayotembelea haoni aibu kuuliza jambo la pesa. Vijana hawana haja ya kungoja magoti yaharibike. Wanaweza kuazima polepole yetu bure. Soma ujumbe mara mbili. Tazama salio. Lala usiku mmoja. Mwambie mtu, hasa yule unayeona haya kumwambia.

Mwaka 2008 nilikimbia, kwa sababu nyuma yetu kulikuwa na risasi, na kwa risasi hakuna kusema ngoja nitafute miwani. Ndiyo maana karatasi zangu zinaniita mkimbizi. Lakini kwa mtu wa simu sikimbii. Kama ana habari njema, atanikuta hapa Rubondo, na kiti kipo.